Nataka Kusomea Galaksi, Baba Anauliza Kama Nitakula Nyota



Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma mwaka wa pili shahada ya sayansi na ualimu, fizikia na hisabati, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Muheza. Muhula uliopita mhadhiri wetu wa optiki alibakiza dakika chache mwisho wa kipindi akatuonyesha spektra ya galaksi. Akasema kwa ile michirizi tu mtu anaweza kujua galaksi iko umbali gani, ina gesi gani, na kama bado inazaa nyota. Tangu siku ile sijatulia. Bando langu lote linaishia kwenye galaksi. Nimeamua nataka nisomee tabia zake: ukubwa, rangi, mwendo, umri.

Shida zangu ni hizi. Chuoni kwetu hakuna darubini ya maana, na somo la astronomia ni la kuchagua ambalo mwaka huu halifundishwi. Nilipomwambia mhadhiri mmoja kuwa nataka mradi wangu wa mwaka wa tatu uwe wa galaksi, alicheka, akaniambia nifanye paneli za sola kama wenzangu. Hisabati yangu si mbaya wala si ya kujivunia: kalkulasi nina B, lakini aljebra ya matriksi nilipata sapu. Halafu kuna baba. Baba ni mtu wa msikitini, na kuna mtu kamwambia kuwa mwanao anasoma unajimu. Anasema hakuuza machungwa miaka yote ile ili mimi nije kupiga ramli, na kila nikipiga simu ananiuliza, "Utakula nyota?"

Rafiki yangu ananishauri niachane na ualimu nihamie fizikia tupu. Mwingine anasema ningoje nimalize, nitafute chuo Ulaya. Mwalimu, nihame? Nianzie wapi? Na jambo la mwisho: kuna duka Kariakoo linauza darubini kwa laki tisa, nami nimeshaanza kuweka akiba kutoka kwenye bumu. Ninunue?

Binti wa Muheza

*

Mwanangu,

Nyuma ya maswali mengi ya barua yako kuna kitu kimoja, nacho ni darubini. Chuo hakina, duka linayo, Ulaya wanazo. Tuanze hapo, maana ukishaelewa kazi ya kusoma galaksi inafanyikaje, maswali yako mengine yatapungua uzito, na hata la kumwambia baba utalipata.

Anayesoma galaksi siku hizi hachungulii darubini. Hata wanaozimiliki hawachungulii. Kazi hiyo wameachiwa kamera na kompyuta, na mtafiti anakutana na galaksi yake ikiwa tayari ni mstari wa namba kwenye jedwali. Mradi wa SDSS, ambao darubini yake ya kipenyo cha mita 2.5 iko Apache Point katika jimbo la New Mexico, Marekani, ulianza kupima anga mwaka 2000. Tangu hapo umepima spektra za mamilioni ya galaksi na nyota, na vipimo hivyo vimewekwa wazi kwa yeyote duniani, bure. Unaandika mistari michache ya SQL, lugha ya kuombea data, ukieleza unataka galaksi zipi na vipimo gani, jedwali linakuja. Galaksi 5,000 zenye safu sita za vipimo hazifiki hata megabaiti moja. Video moja ya muziki unayotumiwa kwenye WhatsApp inakula bando kuliko hiyo. Na jedwali utakalolipata wewe ukiwa maktaba ya chuo chako ndilo hilo hilo analolipata mwanafunzi wa Princeton. Anachokuzidi yeye ni watu wa kuwauliza akikwama, na hilo nitalifikia.

Sasa rudi kwenye michirizi uliyoonyeshwa. Hidrojeni ikipigwa na mionzi ya nyota changa hutoa nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Tuseme kwenye spektra ya galaksi fulani mstari huo umeukuta kwenye 669.4. Tofauti ni 13.1, igawanye kwa 656.3 upate 0.02. Zidisha kwa kasi ya nuru, nawe umeshajua kuwa galaksi hiyo inatuacha kwa kilomita 6,000 hivi kwa sekunde. Edwin Hubble alionyesha mwaka 1929 kuwa kasi hiyo huongezeka kadiri galaksi inavyokuwa mbali, na kwa kiwango kinachotumika siku hizi, kama kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megapaseki ya umbali, galaksi yako iko umbali wa miaka ya nuru milioni 280 hivi. Mstari huo huo, kwa nguvu yake, unakudokeza kuwa huko bado nyota zinazaliwa. Nimesema unakudokeza, kwa sababu shimo jeusi linalomeza gesi katikati ya galaksi nalo linaweza kuiwasha hidrojeni, na ndiyo maana watu hulinganisha mistari kadhaa, ya oksijeni na ya naitrojeni, kabla ya kutamka. Lakini mhadhiri wako wa optiki hakutia chumvi. Yeye ndiye mtu wa kumfuata kuhusu mradi wako; yule aliyecheka mwache kwanza.

Kati ya sifa zote za galaksi, mimi hupenda zaidi tungamo, na utanivumilia nikae hapo kidogo. Galaksi haipandi kwenye mizani. Ila tangu kidato cha tano unajua kuwa kitu kinachozunguka kingine kwa nguvu ya uvutano kina kasi inayotegemea tungamo la kinachozungukwa na umbali uliopo kati yao: M ni v mraba mara R, gawanya kwa G. Jua letu liko miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, yaani mita 2.5 × 10²⁰, nalo linazunguka kwa kilomita 220 kwa sekunde au zaidi kidogo. Shika kalkuleta. Utapata kilo 1.8 × 10⁴¹. Gawanya kwa tungamo la Jua, kilo 2 × 10³⁰, na jibu lako ni kama Majua bilioni 90, yote yakiwa ndani ya mzunguko wetu. Tumerahisisha, maana galaksi ni sahani zaidi kuliko tufe, lakini hatukupotea sana.

Endelea nje ya hapo, uone mambo yanavyogeuka. Kwenye mfumo wetu wa Jua, sayari ya mbali hujikokota: Dunia inakwenda karibu kilomita 30 kwa sekunde, Neptuni 5.4 tu, kwa sababu tungamo karibu lote liko katikati. Mtu angetegemea nyota za pembezoni mwa galaksi nazo zijikokote hivyo hivyo, maana nuru nyingi ya galaksi imejaa katikati. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vyao vya Andromeda, na kasi haikushuka ilivyotarajiwa. Wapimaji wa mawimbi ya redio walipofuata gesi ya hidrojeni kwenye mstari wake wa sentimita 21, mbali kabisa kupita pale nyota zinapoishia, wakakuta kasi imelala tambarare. Irudie hesabu yako: v ikibaki ile ile na R ikawa mara mbili, M nayo inakuwa mara mbili, ilhali huko nje hakuna nyota za kutosha kuifidia. Kuna kitu kina uvutano na hakitoi nuru. Fritz Zwicky alishalalamika hivyo tangu 1933 alipopima kundi la galaksi la Coma, na watu wachache sana walimjali. Kitu hicho tunakiita maada giza, na hadi leo hakuna aliyekishika maabara.

Nimekupitisha kwenye hesabu hiyo kwa makusudi. Umeona ulichohitaji? Fomula moja ya sekondari, vipimo viwili, na ujasiri wa kusema jibu halikubaliani na macho. Sehemu kubwa ya somo la galaksi katika shahada ya kwanza imejengwa hivyo. Hesabu ngumu zinakuja, sikufichi, lakini hazianzi siku ya kwanza.

Rafiki yako anayesema ungoje Ulaya mweleze pia kisa cha setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru siku hiyo, na Wamarekani wenye setilaiti wakaipa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kujengwa kwa kazi moja tu, kutazama anga kwa eksirei. Iligundua kuwa makundi ya galaksi kama Coma, Virgo na Perseus yanawaka kwa eksirei eneo zima, hata pale kati ya galaksi moja na nyingine. Baadaye ikathibitika kuwa ni gesi yenye joto la mamilioni mengi ya nyuzi, na kwamba katika makundi makubwa gesi hiyo ina tungamo kuliko nyota zote za galaksi zake zikijumlishwa. Walichagua Ngomeni kwa sababu iko karibu na Ikweta, ambapo roketi inafaidi mzunguko wa Dunia na setilaiti inakaa mbali na mionzi ya kusumbua vipimo. Wavuvi wa Malindi waliweza kuiona ikiruka kabla profesa yeyote wa Ulaya hajaona namba zake.

Sasa mradi wako. Kila mwanafunzi anayenijia anataka maada giza au mashimo meusi, na karibu wote nawarudisha. Chagua swali dogo, na chagua lile ambalo jibu lake linajulikana. Najua halina mvuto. Lakini mwanafunzi asiye na mtaalamu karibu anahitaji kitu cha kumwambia kama amepotea, na jibu lililokwisha kuthibitishwa na wengine ndilo litakalokuwa msimamizi wako wa pili.

Nakupendekezea rangi. Nyota kubwa za buluu huishi miaka milioni kadhaa tu kisha hulipuka. Nyota ndogo nyekundu hudumu mabilioni. Kwa hiyo galaksi yenye rangi ya buluu imezaa nyota karibuni, na iliyo nyekundu, kwa kawaida, imeacha. Ukichukua maelfu ya galaksi za SDSS ukachora rangi dhidi ya mng'ao, hazitawanyiki ovyo. Zinajigawa mafungu mawili, nyekundu huku, buluu kule, na bonde lenye galaksi chache katikati. Mwaka 2001 Iskra Strateva na wenzake walionyesha kuwa mstari wa kuyatenga unapita karibu na 2.22 kwenye kipimo cha rangi kiitwacho u−r. Ukiipata grafu hiyo kwa mikono yako mwenyewe utaelewa kwa nini watu wazima wanakesha. Halafu ongeza swali la pili: je, galaksi nyekundu ni nyingi zaidi pale penye msongamano wa galaksi kuliko zilizo peke yake? Alan Dressler alishalijibu kwa upande wa maumbo mwaka 1980, akitumia makundi 55: kadiri msongamano unavyozidi ndivyo zile za duaradufu na dada zao zisizo na mikono zinavyozidi, na zenye mikono ya kuzunguka zinavyopungua. Kwa nini galaksi huacha kuzaa nyota ni jambo linalobishaniwa mpaka leo, kwa hiyo usihofu kuwa umechagua kitu kilichokufa.

Kuna mtego, na humnasa karibu kila anayeanza. Simama Coco Beach usiku usio na mbalamwezi. Karibu na ufuko unaona taa za ngalawa na karabai za wavuvi wa dagaa. Mbali huko unaona taa za meli kubwa tu. Mtu akihitimisha kuwa mbali baharini hakuna ngalawa utamcheka, na kumbe ndivyo utakavyofanya na jedwali lako usipoangalia. Sampuli kuu ya galaksi ya SDSS inaishia kwenye mng'ao wa 17.77. Galaksi hafifu iliyo mbali haikuingia kabisa. Ukichora grafu bila kufikiri utagundua, kwa furaha kubwa, kuwa galaksi za mbali zote zina mng'ao mkali, na utakimbilia kwa msimamizi. Gunnar Malmquist, Mswidi, alishaonya kuhusu jambo hili miaka ya 1920. Dawa yake ni kukata. Ukiamua kuishia kwenye galaksi ambazo namba ile ya kusogea kwa mistari, tuliyoipata kuwa 0.02, haizidi 0.05, fanya hesabu ya umbali na utaona kuwa galaksi hafifu kuliko mng'ao halisi wa −19 zinaanza kukosekana. Basi zitupe zote zilizo hafifu kuliko hapo, hata zile za karibu unazoziona vizuri. Utapoteza galaksi nyingi ulizozipenda. Zilizobaki zinaweza kulinganishwa. (Skeli ya mng'ao imepinduka: kadiri namba inavyoshuka ndivyo kitu kinavyong'aa. Tumeirithi kwa Wagiriki na hakuna mwenye nguvu ya kuibadilisha.)

Mtego wa pili ni mdogo: vumbi. Galaksi ya buluu ikitazamwa ubavuni, vumbi lake huiziba na kuifanya nyekundu. Chukua nyekundu zako hamsini, fungua picha zao moja moja, uzitazame kwa macho. Usione haya kutumia macho. Mradi wa Galaxy Zoo, ulioanza Julai 2007, ulikusanya watu wa kawaida kutoka duniani kote kuainisha maumbo ya galaksi karibu milioni moja, na mwaka huo huo Hanny van Arkel, mwalimu wa shule nchini Uholanzi, aliona doa la ajabu la gesi karibu na galaksi IC 2497 ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amelijali. Limebeba jina lake hadi leo. Naye alikuwa mwalimu, kama utakavyokuwa wewe.

Kwa hisabati: sapu ya matriksi irudie kwa nia, kwa sababu unapochora mstari unaofaa zaidi katikati ya nukta elfu tano, matriksi ndizo zinazofanya kazi chini kwa chini. Lakini somo linalowaangusha wanafunzi wa galaksi ni takwimu. Mtu anajua integrali zote za kalkulasi halafu hawezi kusema namba yake ina shaka kiasi gani. Chukua kozi ya takwimu hata kama ni ya idara nyingine, hata ya watu wa biashara. Jifunze lugha ya kompyuta ya Python sasa, mwaka wa pili, kabla mazoezi ya kufundisha hayajakula likizo yako. Maktaba yake ya Astropy ni ya bure na ina karibu kila kitu utakachohitaji.

Usihame. Nalisema hili nikijua kuwa wengine watanipinga. Masomo ya fizikia unayoyapata kwenye shahada ya ualimu ni yale yale kwa sehemu kubwa. Yanayopungua ni machache, na unaweza kuyaziba kwa kozi za hiari: fizikia ya kwanta, fizikia ya takwimu, na sumaku-umeme ya juu. Ukikataliwa kuzisajili, omba kuketi darasani bila mtihani. Ukihama, utafungua faili jipya udahili na Bodi ya Mikopo, na mafaili ya namna hiyo nimeona yakichukua muhula mzima. Usisaini kitu kabla hujapata majibu ya ofisi zote mbili kwa maandishi. Na shahada ya ualimu wa fizikia ni chakula, tena nchi hii ina njaa ya walimu wa fizikia.

Kuhusu wapi pa kuendelea, Ulaya si lazima iwe ya kwanza kwenye orodha yako. Afrika Kusini kuna programu ya kitaifa ya astrofizikia, NASSP, inayoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town tangu 2003, yenye mwaka wa Honours kabla ya uzamili. Mwaka huo umewekwa kwa ajili ya watu kama wewe, wenye msingi wa fizikia ambao hawakupata astronomia ya kutosha chuoni kwao. Huko Karoo iko MeerKAT, sahani 64 za redio zilizozinduliwa Julai 2018, na moja ya kazi zake kubwa ni hiyo hiyo hidrojeni ya sentimita 21. Gesi huonyesha mambo ambayo nuru ya kawaida inayaficha. Galaksi za M81 na M82, ukizitazama kwa picha za kawaida, ni majirani wasiosalimiana. Ukizipima kwa hidrojeni unakuta nyuzi ndefu za gesi zinaziunganisha, alama ya ugomvi wa kale. Karibu zaidi na kwenu, Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na astrofizikia, Mbarara nchini Uganda wana watafiti wa fani hiyo, na Addis Ababa wako watu wanaosoma galaksi hasa. Waandikie. Hawa ndio watu wa kuwauliza uliokuwa unawakosa. Barua iwe fupi: jina lako, chuo, swali lako la mradi, na grafu moja uliyoichora mwenyewe. Profesa anapokea barua nyingi za "naipenda sana astronomia". Zenye grafu ni chache.

Vivyo hivyo kwa mhadhiri wa optiki. Mpelekee karatasi moja yenye swali, chanzo cha data, kitu utakachopima na ratiba ya wiki kwa wiki. Wahadhiri wengi hukataa mradi wa namna hii kwa kuogopa kusimamia wasichokijua, na karatasi hiyo inamwonyesha kuwa atasimamia takwimu na fizikia anazozijua.

Baba sasa. Ana hoja mbili na usizichanganye. Ya ramli ni nyepesi, na usiipinge kwa simu. Ngoja uende nyumbani. Mwambie kuwa Abd al-Rahman al-Sufi, mwanachuoni aliyefanya kazi Isfahan, aliandika mnamo 964 kuhusu wingu dogo angani ambalo leo tunaliita galaksi ya Andromeda, na kwamba elimu ya falaki inayompa yeye nyakati za sala na upande wa kibla ndiyo mama wa unachokisoma. Kama kuna sheikh anayemheshimu, pita kwake kwanza. Baba zetu hukubali mambo upesi zaidi yakitoka mdomoni mwa mtu wa rika lao.

Hoja ya chakula ni nzito, na ana haki. Nafasi za kazi zenye jina la mwanaastronomia hapa kwetu zinahesabika kwa vidole, karibu zote vyuoni. Honours mwaka mmoja, uzamili miwili, uzamivu mitatu au minne: utakuwa umekaribia thelathini au umeivuka, na nyumbani yatakuwa yameshaanza maswali mengine unayoyajua. Wengi wanaoanza njia hii hawaimalizi, wanaishia kwenye uchambuzi wa data katika mabenki, kampuni za simu, hali ya hewa au takwimu za serikali, na wanalipwa vizuri tu. Kwa hiyo usimwambie baba kuwa umebadili masomo, kwa sababu hujabadili. Mwambie utamaliza shahada ile ile, utapata cheti kile kile cha ualimu, na mradi wako wa mwisho utakuwa wa galaksi. Huo ndio ukweli wote kwa sasa, na ya miaka saba mbele yana wakati wake.

Ukienda nyumbani Desemba, subiri usiku usio na mwezi, utoke nje kama saa tatu. Kusini, chini kidogo, kuna madoa mawili ya ukungu yasiyosogea: ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu. Kwa kutumia nyota za lile dogo, Henrietta Leavitt alichapisha mwaka 1912 kanuni ya nyota zinazopwita ambayo ndiyo iliyomwezesha Hubble kupima umbali wa Andromeda. Geukia kaskazini, ukielekea kidogo magharibi: Andromeda yenyewe iko hapo kama alama ya kidole kwenye kioo, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Watu wa London hawawezi kuziona zote tatu wakiwa kwao. Mwite baba atazame.

Na darubini ya Kariakoo usinunue. Kwa bei hiyo mara nyingi utapata miguu inayotetemeka na lenzi ya kuonyesha Mwezi, na galaksi zitabaki ukungu ule ule. Ukitaka kitu cha mkononi, darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10×50 inatosha na bei yake ni ndogo sana kuliko hiyo. Kompyuta mpakato yako ikiwa nzito, iongezee RAM. Salio liache benki, maana mwaka wa tatu utahitaji pasipoti, nakala za vyeti zilizothibitishwa na ada za maombi ya vyuo, na vyote hivyo huja mwezi mmoja.